Gofu Mara? Sawa, lakini ng'ombe wapite

Leo naomba tuongee gofu. Najua kuna mtu ameshaguna hapo: huyu naye, mtoto wa Nyamuswa, gofu ameitoa wapi? Swali zuri, na jibu lake ndiyo mada yenyewe, maana mkoani kwetu Mara gofu si habari ya kwenye televisheni tena. Katika miaka hii ya 2020 TANAPA, shirika letu la hifadhi za taifa, limeleta mradi wa uwanja wa gofu wa mashimo 18 eneo la Fort Ikoma, wilaya ya Serengeti. Hesabu yake inaeleweka. Mtalii akishamaliza kuangalia nyumbu na simba, abaki siku moja au mbili zaidi akipiga mpira, na hela yake ibaki naye.

Kwa wasiojua jiografia ya kwetu, Nyamuswa iko wilaya ya Bunda, nchi ya Waikizu, ndani kidogo ukiiacha barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma. Ukiendelea mashariki unaitafuta Nata, na kutoka hapo Fort Ikoma si mbali. Kwa hiyo tunaongelea ujirani wetu, wala si Marekani.

Nitakachosema ni kimoja, na nakisema mapema ili usije ukaniambia nimekuzungusha. Uwanja wa gofu ni mchoro juu ya ardhi, na kila mchoro juu ya ardhi unaamua nani apite na nani asipite. Ubora wa uwanja usipimwe kwa uzuri wa nyasi peke yake. Tuangalie na nani ameachiwa njia.

Nianze na mchezo wenyewe, maana mimi nimeuonja. Kazi ya gazeti ilinipeleka Lugalo, ule uwanja wa Jeshi la Wananchi pale Dar es Salaam, kuandika habari za mashindano. Siku nyingine mzee mmoja mstaafu akanionea huruma, akaniambia kijana, huwezi kuandika habari za chakula ambacho hujawahi kukila, njoo Jumamosi tucheze mashimo tisa. Nikaenda. Nikapewa fimbo za kuazima, na kedi, yule kijana wa kubeba mfuko wa fimbo, ambaye aliniita bosi tangu mwanzo mpaka mwisho huku akijua wazi kuwa bosi mwenyewe amekuja na daladala.

Sasa sikilizeni. Nilikuwa nadhani gofu ni kupiga mpira mbali. Kumbe kupiga mbali ni sehemu ndogo tu. Unasimama pale pa kuanzia, mbele yako kuna ukanda wa nyasi fupi, wenyewe wanauita feawei, na huko mwisho kabisa kuna kibendera kwenye griini, yaani kile kiwanja kidogo laini chenye shimo. Macho yanakuambia piga moja kwa moja. Lakini aliyechora uwanja alishasimama hapo kabla yako, akaona ulichokiona, akajua utatamani nini. Basi pale pale ambapo mpira wa mtu mwenye tamaa ungeangukia, yeye ameweka bunka, lile shimo la mchanga. Mwenye subira anapita kushoto, mpira wake unachukua mapigo mawili, anafika salama. Mwenye haraka anapiga moja kwa moja, halafu anakaa mchangani akichimba kama mtu wa Buhemba anayetafuta dhahabu. Mimi nilichimba sana.

Huo ndio usanifu wa uwanja wa gofu. Ni mazungumzo kati ya mtu aliyechora na mtu anayecheza, na mmoja wao anaweza kuwa alishafariki miaka themanini iliyopita. Anakuuliza: unajiamini kiasi gani? Unaona vizuri au unaona unachotaka kuona? Na jibu unalitoa kwa fimbo, hadharani, watu wakikuangalia.

Kitu cha pili nilichokiona ni kedi. Yule kijana hakuangalia bendera hata mara moja kabla hajaangalia ardhi. Tulipofika griini alichuchumaa, akatazama mwinamo, akaniambia nielekeze mpira pembeni kabisa ya shimo, kama hatua moja upande wa kulia. Nikaona ananitania. Nikapiga alivyosema, mpira ukaenda, ukapinda wenyewe kama uliitwa, ukasimama jirani na shimo. Nyasi zilikuwa zimelalia upande mmoja na ardhi ilikuwa inateremka kwa kiasi ambacho jicho langu la mjini halikukiona. Wachezaji wengi wazuri wa Afrika Mashariki wameanzia hapo hapo, kwenye ukedi, wakibeba mifuko ya wengine huku wakiisoma ardhi kila siku. Hawakuingia kwa ada ya uanachama. Waliingia kwa bega.

Nikiwa pale nikawaza nyumbani. Mtoto yeyote aliyechunga ng'ombe kule kwetu anaijua ardhi namna hiyo. Anajua maji ya mvua yatashukia wapi, kichuguu kipi kiko wazi, korongo gani ng'ombe hawavuki, upepo wa mchana unatoka upande gani. Na mchezo wenyewe tulikuwa nao bila kujua jina lake: unachuma ndulele, yale matunda ya njano ya porini yenye umbo la mviringo kama mpira wa gofu, unaiweka juu ya kichuguu, unaipiga kwa fimbo ya kuchungia, halafu mnashindana nani kapiga mbali, nani kapiga karibu na mti mliochagua. Ng'ombe wanakula, nyie mnacheza. Wazee nao wako chini ya mti na bao lao. Mnakumbuka Mwalimu Nyerere alivyolipenda bao pale Butiama? Nalo ni mchezo wa mashimo, thelathini na mawili, na unamshinda mtu kwa kumsoma anataka kwenda wapi. Sasa mtu akisema gofu si utamaduni wetu namwelewa, lakini asiseme kwamba hatuna macho ya mchezo huo.

Na hapa ndipo historia inaponichekesha, kwa sababu gofu yenyewe ilizaliwa na wachungaji. Uwanja unaoheshimiwa kuliko yote duniani ni ule wa zamani wa St Andrews, Scotland. Hakuna msanifu anayeweza kujivunia kwamba aliuchora wote yeye. Ilikuwa ardhi ya mchanga kando ya bahari, mbovu kwa kilimo, nzuri kwa kondoo. Kondoo walikula nyasi zikawa fupi, na ndiyo feawei hiyo. Inasimuliwa kwamba kondoo walijibanza kwenye vibonde kukwepa upepo mkali, vibonde vikachimbika mpaka mchanga ukatokeza, na bunka zikaanzia hapo. Watu wakaja na fimbo wakacheza palepale palipokuwa pameshatengenezwa na mifugo na upepo. Mashimo yalikuwa 22 mpaka mwaka 1764, yakapunguzwa kuwa 18, na dunia nzima ikaiga. Mpaka leo uwanja ule una griini saba kubwa ambazo kila moja inatumiwa na mashimo mawili, watu wanaokwenda na wanaorudi wanakutana hapo na kupishana kwa adabu.

Lakini kilichonigusa zaidi ni hiki. Mwaka 1552 askofu mkuu wa pale, John Hamilton, alitia saini hati iliyotambua haki ya watu wa mji kuitumia ardhi ile, pamoja na kucheza gofu. Ardhi haikuwa ya klabu. Ilikuwa ya mji, na mpaka leo ni ya umma. Kuna njia ya watu inayokatisha katikati ya feawei ya shimo la kwanza na la mwisho, inaitwa Granny Clark's Wynd, na mtu yeyote anapita akienda ufukweni, hata kama mcheza gofu ameshainua fimbo. Anayesubiri ni mcheza gofu. Jumapili uwanja hufungwa kwa gofu, isipokuwa siku za mashindano makubwa, na watu wa mji wanatembea juu yake na watoto na mbwa wao. Fikiria: uwanja mtukufu kuliko yote, siku moja kwa wiki ni bustani ya kila mtu.

Sasa gofu ilipopanda meli kuja kwetu, ile njia ya watu ilibaki Scotland. Waingereza waliofika Afrika Mashariki walibeba fimbo mapema sana. Entebbe gofu ilianza mwaka 1901, na Nairobi klabu ile iliyokuja kuitwa Royal ilianzishwa mwaka 1906. Mwaka 1913 serikali ya Uingereza ilimtuma Profesa W. J. Simpson, bingwa wa afya ya miji, aje aangalie miji yetu. Ripoti yake ilitaka Wazungu, Wahindi na Waafrika wakae mbalimbali, na katikati yao liachwe eneo wazi lisilojengwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa magonjwa. Na eneo wazi lisilojengwa, ambalo Mzungu anaweza kulitumia jioni na Mwafrika hana ruhusa ya kujenga kibanda, unalifanyia nini? Unaweka viwanja vya michezo.

Angalieni ramani za miji yetu kwa jicho hilo. Zanzibar, Mnazi Mmoja, kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, zama za ukoloni palichezwa gofu na kriketi. Kampala, gofu iko bondeni Kitante, kati ya vilima vya Nakasero na Kololo. Dar es Salaam, viwanja vya Gymkhana vimekaa kati ya mitaa ya maduka ya katikati ya mji na ile pwani ya Ikulu na Ocean Road iliyokuwa Uzunguni. Sisemi kila mmoja wa viwanja hivyo ulichorwa na mtu mwenye roho mbaya. Nasema kazi iliyofanywa na nyasi zile ilikuwa kazi ya ukuta. Ukuta wa nyasi ni mzuri kwa sababu hauonekani kuwa ukuta. Hauna mawe, hauna chupa zilizovunjwa juu yake, lakini ukikatisha unaulizwa unakwenda wapi.

Kwa hiyo gofu ina mababu wawili. Mmoja ni malisho ya St Andrews, ambapo mchezo ulikaribishwa kwenye ardhi ya watu. Mwingine ni ukanda wa ukoloni, ambapo watu walisogezwa ili mchezo ukae. Uwanja wowote mpya wa kwetu utamrithi mmoja wao. Swali langu kwa Fort Ikoma, na kwa yeyote atakayekuja kesho na ramani yake Bunda, Butiama au Musoma, ni dogo: unamfuata babu yupi?

Siulizi kwa uchokozi. Nauliza kwa sababu ardhi ya kwetu imeshachorwa mara nyingi. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951. Mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yakatangazwa mwaka 1994. Kila mchoro ulikuwa na sababu zake, na mimi si mtu wa kutukana uhifadhi. Bila Serengeti tusingekuwa na hata huyo mtalii wa kupiga gofu. Lakini wazee wa Ikoma, Nata na Ikizu wanakumbuka mahali walipowinda, walipochimba chumvi, walipolisha. Na juzi tu, miaka hii hii ya 2020, wananchi wa Nyatwali pale Bunda walitakiwa kupisha ushoroba wa wanyama wafike ziwani, Ghuba ya Speke, na mjadala wa fidia yao ukafika mpaka bungeni. Watu wenye historia hiyo wakisikia neno uwanja wenye mashimo 18, wanasikia neno moja tu: hama.

Na ukubwa wake si mchezo. Uwanja kamili wa gofu unakula hekta hamsini mpaka themanini hivi, yaani kati ya ekari mia moja na ishirini na mia mbili. Hapo unapata viwanja vya mpira wa miguu sabini na zaidi. Kule kwetu hiyo ni malisho ya familia nyingi. Halafu kuna maji. Nyasi za griini hazisubiri masika. Kiangazi kikikolea, akina mama wanatafuta maji mbali na ng'ombe wanagombania lambo moja, halafu mtu anamwagilia nyasi ili mpira uteleze vizuri? Hata kama hela ya mtalii ni nzuri, picha hiyo itaota chuki.

Najua wenzangu wengi wa mjini mkifika hapa mnasema basi, gofu ifutwe, ni mchezo wa mabwanyenye. Mimi sifiki huko. Kwanza, ubwanyenye wa gofu ni wa milango yake, haumo kwenye mpira. Madina Iddi wa Arusha ni Mtanzania, ni mwanamke, na jina lake linajulikana katika gofu ya wanawake nje ya mipaka yetu. Uwanja wa Lugalo nao ulikuja wakati jeshi likiongozwa na Jenerali George Waitara, mkuu wa majeshi kati ya mwaka 2001 na 2007, ambaye jina lake limepewa mashindano pale Lugalo na ambaye baadaye alikuwa mwenyekiti wa bodi ya wadhamini ya TANAPA. Askari aliyekulia kijijini anaweza kuwa mcheza gofu mzuri. Pili, mkoa wetu unahitaji kazi ambazo hazihitaji kumwaga zebaki kwenye maji wala kuiba ng'ombe wa jirani. Kufyeka, kutunza nyasi, ukedi, ufundi wa mashine, ualimu wa mchezo, hizo ni kazi.

Tatu, na hii ndiyo hoja ya usanifu, ardhi ya Mara inaweza kutoa uwanja ambao haufanani na mwingine wowote, kama anayechora ataiacha ardhi iseme. Kuna daktari mmoja Mwingereza, Alister MacKenzie. Alikuwa na jeshi la nchi yake Afrika Kusini katika vita vya Makaburu, mwaka 1899 mpaka 1902. Akashangaa jinsi Makaburu walivyojificha kwenye ardhi tupu: hawakujenga ngome, walitumia mikunjo ya nchi yenyewe, jiwe hapa, kibonde pale, na jicho la adui likapita juu yao bila kuona. Baadaye akaacha udaktari, akawa mchoraji wa viwanja vya gofu, akitumia somo lile lile. Bunka zake zinaonekana kama zimekuwepo tangu kuumbwa kwa dunia. Ndiye aliyechora Augusta National ya Marekani pamoja na Bobby Jones, uwanja uliofunguliwa mwaka 1933 na ambao nyie wote mmeuona kwenye televisheni. Kwa maneno mengine, sehemu ya uzuri wa uwanja maarufu wa Marekani ilisomwa kwenye nyika ya Afrika. Sasa kwa nini sisi wenye nyika yenyewe tulete katapila la kusawazisha kila kitu ili tufanane na Augusta?

Hebu chora na mimi kichwani. Malisho ya Nyamuswa, upande ule wa kuutazama mlima Chamuriho. Usilete udongo wa nje. Shimo la kwanza linafuata njia ya ng'ombe kwa sababu ng'ombe hapandi mlima kijinga, anachagua mteremko ulio sawa. Kichuguu kimoja kikubwa kiko katikati, kiache hapo hapo, kifanye kazi ya bunka: mpigaji aamue anapita kushoto au kulia. Korongo likatishe shimo la tatu, mwenye ubavu avushe mpira, asiye nao aupige kwa kukunja. Mawe makubwa yale ya kwetu yakae nyuma ya griini, mpira ukizidi unajua shauri yako. Mkuyu mmoja usikatwe hata kwa dawa. Nyasi zipunguzwe na mbuzi na ng'ombe wenyewe kama kondoo wa St Andrews walivyofanya, na mashine iguse sehemu chache tu.

Na griini? Hapa wazee wa gofu wa Afrika Mashariki walishapata jibu zamani. Viwanja vingi vya kwetu havikuwa na griini za nyasi, vilikuwa na brauni: mchanga uliochanganywa na oili, ukasawazishwa kwa mti wa kukokota kabla hujapiga. Haunywi maji. Mpira unakwenda sawa. Siku hizi brauni inaonekana ushamba, kila klabu inataka kijani. Mimi naona ulikuwa ubunifu wa watu walioiangalia nchi yao wakaijibu. Leo mtu angetafuta kitu safi zaidi cha kushikilia mchanga kuliko oili chafu, lakini wazo lenyewe lina akili. Na kule Jinja, Uganda, kuna kanuni ya uwanja ambayo wacheza gofu wa dunia wanaipenda: mpira ukizama kwenye alama ya mguu wa kiboko, unauokota na kuuweka pembeni bila adhabu. Hawakumfukuza kiboko. Wameandika kanuni inayokubali kuwa kiboko ana haki ya kupita. Sasa kama kiboko ameandikiwa kanuni, ng'ombe wa Mwikizu ameshindikana nini? Na mwenye ng'ombe je?

Basi mimi ningeomba mambo matatu kwa kila uwanja utakaojengwa mkoa wa Mara, na ningeyaomba yawe kwenye mchoro kabla ya katapila kufika, maana ahadi za mdomo baada ya uzio kusimama tunazijua.

La kwanza, njia. Kila njia ya watu na mifugo iliyokuwepo kabla ya uwanja ibaki kwenye ramani, ikiwa na kipaumbele juu ya mchezo. Anayekwenda lamboni, shuleni au mnadani apite, na mwenye fimbo asubiri. Kama eneo ni la hifadhi na mifugo hairuhusiwi kisheria, basi ramani iseme hivyo waziwazi, na isije siku moja ikasogezwa mita mia mbili kimyakimya kwa jina la shimo la kumi na tisa.

La pili, maji. Uwanja utumie maji yake ya mvua au maji yaliyokwisha kutumika hotelini, usiguse chanzo kinachonywesha kijiji. Ukishindwa kuishi hivyo, uwe na mashimo tisa badala ya 18, na uwe na brauni. Mtalii aliyevuka bahari kuja kuona nyika atafurahi zaidi kucheza kwenye nyika kuliko kwenye zulia alilolikimbia kwao.

La tatu, siku. Siku moja kwa wiki uwanja uwe wa wenyeji. Watoto wa Nata, wa Ikoma, na wale wa Nyamuswa watakaopata lifti, waingie bure, wapewe fimbo za zamani, wafundishwe. Usinipe kedi wa kubeba mfuko maisha yake yote. Nipe kedi ambaye baada ya miaka mitano mfuko ni wake. Macho ya kuisoma ardhi tayari anayo, ameyapata akichunga.

Kuna atakayesema haya ni mengi mno, mwekezaji atakimbia. Mimi namwambia uwanja wa St Andrews unafanya hayo yote, njia ya umma, siku ya watu, ardhi ya mji, na mwekezaji hajakimbia. Watu wanaingia kwenye bahati nasibu ili wapate nafasi ya kucheza pale. Heshima ya uwanja haikupungua kwa kupitwa na bibi mwenye kikapu. Inawezekana imeongezeka, kwa sababu mji wote unauona ni wao, na kitu ambacho mji mzima unakiona ni chake hakichomwi moto usiku.

Na kwa nyie wa mjini mnaodhani hii ni habari ya porini, tazameni maeneo ya wazi ya Dar, Mwanza, Arusha. Kila siku tunalia kwamba yanaisha. Mtu akileta mchoro mzuri wenye miti na nyasi, tunapiga makofi kabla hatujauliza mlango uko upande gani. Tujifunze kuuliza. Mchoro ukiletwa mezani, weka kidole juu ya karatasi na useme: mama anayetoka hapa kwenda pale, anapita wapi? Kama mchoraji ana jibu, mpe kalamu aendelee. Kama anababaika, huo ni ukuta, hata kama una nyasi.

Naomba kutoa hoja. Wa Mara mnaonisoma, hasa mlio karibu na Nata na Fort Ikoma, niambieni: njia zenu za zamani zinapita wapi, na je, kuna mtu amewauliza?